Kadi Iliyopanda Mkuyuni

Mimi ni mwandika mabango. Kama umewahi kupita Mji Mpya ukaona ukuta wa saluni wenye herufi zilizosimama kama askari wa gwaride, umeshaiona kazi yangu. Ndiyo maana mwenye duka la steshenari alipoanza kunifungulia kitabu chake cha sampuli za kadi za harusi, nilikifunga kabla hajafika ukurasa wa pili. Kila kadi ilikuwa na njiwa wawili, pete mbili na maneno yaleyale: familia ya Bwana na Bibi Fulani inayo furaha kubwa kukualika. Nikamwambia maneno hayo yamechoka, yanastahili kupumzishwa kwa heshima.

"Basi tuma kwenye simu," akasema. "Siku hizi watu wanatuma kwenye simu."

"Harusi yangu haifutwi kwa kidole," nikamjibu, nikatoka.

Shamimu, mchumba wangu, alikuwa ananisubiri nje ameshika mwavuli. Anafundisha chekechea kule Kihonda, na ana sura moja anayoitumia kwa watoto waliomwaga uji. Akanitazama kwa sura hiyo.

"Umeshagombana?"

"Sijagombana. Nimemwelimisha."

"Maskini yule baba. Haya, kadi ziko wapi?"

"Tutatengeneza wenyewe. Kwa mikono."

Nilitegemea abishe. Badala yake akafunga mwavuli na kusema kwamba magome ya migomba anayajua, alikuwa akiyabandika na bibi yake tangu akiwa mdogo, ila kama nitamletea ubabe wangu kwenye gundi, ataniachia kadi zote na harusi yenyewe.

Tukaanza kazi kibarazani kwangu. Mimi nilikata manila na kuikunja. Yeye aliloweka magome makavu, akayachana kwa wembe, akayanyoosha kwa pasi ya mkaa. Sikujua kuwa mgomba una rangi zote zile. Gome lililokaukia juani lina weusi wa kahawa, lililokaukia kivulini lina rangi ya asali, na yale ya ndani kabisa ni meupe kidogo, laini, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuumwa. Aliyapanga kwenye ganda la kadi yakawa milima mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, na juu yake kipande cha mviringo kikawa jua. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Nilipoonja, akanipiga mkononi na mwiko.

Ndani ya kadi ndipo palipokuwa pangu. Nilimwambia kila mgeni atapata shairi lake, lililotungwa kwa ajili yake tu.

"Kila mgeni?" Shamimu akaacha kubandika. "Stambuli, ungeandika tu jina, tarehe na mahali. Watu wanataka kujua pilau iko wapi."

"Pilau wataifuata kwa harufu. Shairi halinuki, lazima liandikwe."

"Mengine yananuka."

Nilimsamehe, kwa sababu alikuwa mzuri na alikuwa na gundi kwenye pua.

Mashairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusikiliza redioni na kuhesabu mizani kwenye vidole, mpaka vidole vikawa vinahesabu vyenyewe. Kwa hiyo kazi ilienda. Rafiki yangu wa Mzumbe, ambaye hajawahi kuwahi kitu chochote duniani, nilimwanza hivi:

Rafiki uko Mzumbe, saa yako ina nini?
Usije kuta makombe, pilau iko tumboni.

Wageni wa upande wa Shamimu ndio walionipa raha zaidi. Wao ni Waluguru na mimi ni Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kushuka kwenye kaburi la marehemu wako akagoma kutoka mpaka apewe kitu, na hakuna anayenuna. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwandikia shairi la adabu, si utakuwa umemdharau? Niliwaandikia Waluguru mpaka wino ukacheka. Mmoja tu nilimtoa kwenye utani: Mzee Issa, baba yake Shamimu. Huyo ni mkwe, na ukioa kwa watani, mkwe haguswi. Yeye nilimtungia beti mbili zilizopiga magoti kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Siku moja Shamimu alikuwa shuleni, akanipigia simu kunitajia majina yaliyobaki. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba kwa fujo.

"Andika pia Mjomba Abdulmajid," akapaza sauti. "Yuko Mkuyuni, juu kule mlimani."

Mluguru, tena wa juu kabisa. Nilikuwa nimemsubiri mtu kama huyo, maana utani wetu unasema Mluguru ana mguu mmoja mfupi kwa kupanda milima. Nikachukua kadi iliyopendeza kuliko zote, nikaandika:

Mluguru wa mlima, teremka polepole,
Mguu mmoja nyuma, mwingine u juu kule,
Njia hata iwe njema, utayumba vilevile,
Mkungu uje begani, mtani karibu ule.

Lile lilikuwa shairi zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Nikalitia kwenye bahasha na kumpa dereva wa gari la abiria la Matombo.

Kadi ilirudi. Aliirudisha dereva yuleyule kwa Mzee Issa, na Mzee Issa akampa Shamimu, na Shamimu akaja nayo kibarazani kwangu akiwa bado na chaki mikononi. Aliiweka juu ya manila, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Umemwandikia mkweo utani," akasema.

"Mkwe wangu ni Mzee Issa. Mzee Issa nimempigia magoti, muulize."

"Mzee Issa ni baba yangu."

"Ndiyo hivyo nasema!"

"Stambuli, mimi si wa ukoo wa baba. Mimi ni wa ukoo wa mama. Kwetu mtoto ni wa kwa mama yake. Mama alipofariki, aliyebaki na mimi mkononi ni kaka yake. Mjomba ndiye mwenye mimi. Umezaliwa Morogoro hii, hujui?"

"Nimezaliwa Mji Mpya. Milima naiangalia tu kama picha."

"Basi picha imenuna."

Nilitaka kusema kwamba mbele ya shehe walii ni baba, na baba yupo, mzima, anatembea. Nikasema. Shamimu akaniambia nikamwambie baba mwenyewe.

Nilimkuta Mzee Issa uani akichambua mchicha. Alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka akastaafu, na ni mtu mpole kiasi kwamba kuku wa jirani hula kwake kwanza ndipo warudi kwao. Nikamwamkia, nikaeleza.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Walii ni mimi, na sheria hainizuii kukuozesha hata kesho." Akatupa bua la mchicha. "Ila nikiwa nimekaa pale mkekani, halafu nafasi ya shemeji yangu iko wazi, mimi sauti haitatoka. Na huyo binti hatatoka chumbani. Namjua, nimemlea."

"Kwa hiyo harusi…"

"Harusi iko Mkuyuni, mwanangu. Kaifuate."

Shamimu alinisindikiza hadi getini. Hapo hakuwa na ile sura ya uji uliomwagika. Alisema bila utani wowote kwamba ananipenda, na kwamba bila Mjomba haolewi. Nisimlazimishe achague kati ya mikono miwili iliyomshika. Akaniuliza kama niko tayari kulibadilisha lile shairi.

"Kuomba radhi nitaomba," nikasema. "Shairi silibadilishi. Halina kosa hata la mizani."

"Mungu akusaidie," akasema. "Na Bibi pia."

Sikuelewa kwa nini alimtaja Bibi.

Nilifika Mkuyuni siku ya soko, nikapita katikati ya mafungu ya mananasi na ndizi, nikaanza kupanda. Ile njia si ya mtu anayefanya kazi amesimama juu ya ngazi, kwenye ardhi tambarare. Wanawake wenye mikungu kichwani walinipita wakiongea. Kuna mahali nilikuwa nimeinama nashika jiwe, bibi mmoja akanipita akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Kwa Mjomba palikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, ukumbi mpana, na mbele yake mkeka mkubwa uliojaa karafuu zilizoanikwa. Mjomba Abdulmajid alikuwa amechuchumaa akizigeuza kwa kiganja. Ni mtu mrefu, ameshupaa, ndevu zimechongwa kama kwa rula. Miguu yake yote miwili ilikuwa sawasawa. Nilijikuta naitazama, naye akaniona ninavyoitazama.

"Shikamoo, Mjomba."

Akageuza karafuu. Pembeni kwenye kigoda alikaa bibi mdogo, mwembamba, kajifunga kanga kiunoni, anamenya ndizi. Mjomba akamwambia huyo bibi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mlima wa pili: "Mama, mwambie huyo kijana, marahaba."

"Marahaba, mume wangu!" akasema bibi, akanyanyuka na kisu mkononi. "Ndiye wewe? Toba! Shamimu alisema mrefu."

"Shikamoo, Bibi."

"Mume hamwamkii mkewe. Mimi ndiye Bibi Zuhura, mke mkubwa. Yule wa Kihonda ni mke mdogo, nimemkubalia kwa sababu ya huruma. Kaa. Mbona unahema hivyo? Nitakufanyia nini mimi mume wa kuhema?"

Nikakaa. Hapo ndipo nilipoelewa mpango wa nyumba ile. Mjomba, kwa kuwa ni mkwe, alikuwa na heshima na mimi kiasi cha kutonitazama hata machoni. Bibi, kwa kuwa ni bibi, alikuwa na ruhusa ya kunifanya chochote.

"Mama," akasema Mjomba, "muulize amefuata nini."

"Amefuata mkewe," akasema Bibi. "Nipo."

"Muulize vizuri."

"Mume wangu, umefuata nini?"

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Nilieleza kwamba sikujua, kwamba nilidhani naandika kwa mtani, kwamba kama ningejua ningeandika kwa heshima kuliko nilivyomwandikia Mzee Issa. Nilisema yote nikiwa nazitazama karafuu, kwa sababu hata mimi nilianza kuona aibu ya kumtazama. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mwambie nimesikia. Mwambie miguu si kitu. Miguu nimetaniwa tangu shuleni."

"Miguu si kitu," akasema Bibi, "ingawa kwa baba yako ilikuwa kitu. Alikuwa akitembea Morogoro mjini kama jogoo aliyefungwa kamba."

"Mama."

"Haya, endelea."

Mjomba akasimama. Akatoa kadi mfukoni mwa shati. Kumbe Shamimu alikuwa amemrudishia kupitia kwa dereva yuleyule, mimi bila kujua. Aliishika kwa ncha za vidole, akaifungua, na kidole chake kikashuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho.

"Mama, mwambie asome hapa."

"Mtani karibu ule," nikasoma.

"Mwambie, karibu ule. Mimi. Mtoto nimembeba mgongoni kutoka hapa hadi hospitali ya misheni ana homa. Ada ya chuo ni hizi hapa." Akaonyesha karafuu. "Halafu anatoka mtu mjini, ananikaribisha nile! Kwenye harusi yangu! Mwambie, mwenye shughuli anaalikwa na nani?"

Bibi hakurudia. Hakukuwa na haja. Kwa mara ya kwanza tangu nivijue vidole vyangu, havikuhesabu kitu.

Kadi zote zilisema mwaliko unatoka kwa familia ya Mzee Issa. Niliziandika mwenyewe, moja moja, kwa herufi zangu bora. Yule mwenye duka la steshenari niliyemcheka naye angekosea vilevile, ila yeye angekosea kwa mashine.

"Bibi," nikasema, maana sikuthubutu kupita njia nyingine, "mwambie Mjomba kwamba nitaandika jina lake juu ya kila kadi. Nitakata magome, nitaandika, nitaenda kubandika kwa mkono wangu kila nyumba kadi ilipofika. Mpaka Dumila."

"Mpaka Dumila!" Bibi akapiga kofi. "Umesikia, Abdulmajid? Na mapafu yale!"

"Mwambie aandike moja nione," akasema Mjomba.

Nilikuwa na kalamu zangu. Siendi popote bila kalamu. Mjomba mwenyewe aliingia shambani, akarudi na gome la mgomba, zito, linang'aa, rangi ya asali iliyokolea. Akaliweka karibu yangu bila kunitazama na kumwambia mama yake kwamba yale magome ya mjini ni ya migomba yenye njaa. Nikakata utepe. Nikaandika: *Anayekualika ni Abdulmajid, mjomba wa Shamimu, wa Mkuyuni.* Hakuna vina, hakuna mizani. Nilitamani kuongeza hata neno moja la kulipamba, nikauzuia mkono.

Mjomba akausogeza utepe kwenye mwanga. Akautazama kwa muda mrefu.

"Mama, mwambie herufi zake ni nzuri."

"Najua," nikasema. Limenitoka tu.

Bibi akacheka mpaka ndizi ikamdondoka. Mjomba akakohoa, akarudisha uso wake mahali pake.

"Sasa mwambie na hili alifute," akasema, akinyoosha ile kadi ya kwanza. "Shairi la utani lenye jina langu haliwezi kukaa duniani. Watoto watalisoma."

Hapo damu ikanipanda. Jina nimekubali, Dumila nimekubali, radhi nimeomba. Nikamwambia Bibi amwambie kwamba shairi likishazaliwa halirudi tumboni. Mjomba akamwambia Bibi aniambie kwamba hata mtoto akishazaliwa haozeshwi kwa nguvu. Nikamwambia Bibi amwambie kwamba nimelala macho kwa ajili ya kibwagizo kile. Mjomba akasema kwa sauti ya juu, bado akiutazama mlima wa pili, kwamba basi nikakioe hicho kibwagizo. Tulikuwa wanaume wawili tunapigana kupitia kwa bibi mmoja mwenye kisu cha ndizi, na harusi yangu iko katikati, na wala hakuna aliyekuwa tayari kuinama.

"Nipe hiyo kadi," akasema Bibi.

Mjomba akampa.

"Mimi nimeletewa kadi?" akaniuliza.

Jina la Bibi Zuhura lilikuwa miongoni mwa yale ambayo sikuwa nimeyafikia bado. "Bado, Bibi. Nilikuwa—"

"Mke mkubwa hana kadi! Umesikia, Abdulmajid, mambo ya mume wangu?" Akaikunjua ile kadi, akaigeuza huku na kule, sijui kama alikuwa anaona vizuri au anaigiza. "Basi hii ni yangu. Hapa juu weka jina langu. Mluguru wa mlima ni mimi, nimezaliwa hapa na sijawahi kuhama. Mguu mbovu ni wangu, muulize mganga. Na mtani wako ni mimi, kwa kabila na kwa ndoa. Kuna mwenye kesi?"

Hakukuwa na mwenye kesi. Nilibandika utepe mdogo juu ya jina la Mjomba, nikaandika Bibi Zuhura. Wala herufi moja ya shairi haikuguswa.

"Nisomee," akasema, akaweka mikono magotini.

Nikasoma. Kwenye ule mguu wa nyuma alipiga yowe. Kwenye kuyumba alisimama akanionyesha jinsi atakavyoyumba akiingia ukumbini, kanga mkononi, mbele ya wakwe wa Kinyamwezi, akizunguka karafuu kama anacheza ngoma. Nilipofika kwenye mkungu akasema mkungu ataubeba, ila mimi nitambeba yeye. Mjomba alikuwa amechuchumaa tena, ametupa mgongo, anageuza karafuu ambazo alikuwa ameshazigeuza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alijitahidi sana. Kisha ikamshinda, akacheka kwa sauti, peke yake, ameutazama mkeka, kama mtu aliyekumbuka kitu chake cha zamani.

Tulikula ndizi na samaki mkavu. Mimi nilikula na Bibi, Mjomba alikula upande wa pili wa mlango, tukipokezana chumvi kupitia kwa Bibi. Nilipoaga, Mjomba alinifungia mzigo wa magome, akaubana kwa kamba na kuuweka kizingitini.

"Mama," akasema, "mwambie kuna harusi."

"Kuna harusi, mume wangu."

"Mwambie ni ya binti yetu, Shamimu. Mwambie kadi sina, mimi si mtu wa kadi. Ila na yeye anaalikwa. Aje mapema, na avae vizuri."

Nilipofika chini barabarani, Shamimu alikuwa amepiga simu mara nyingi. Nikampigia, akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Amesemaje?"

"Nimealikwa kwenye harusi," nikasema.

Nikasikia watoto wa chekechea wakigombania kitu, na yeye akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Utaenda?" akaniuliza.

"Sijui. Nitaangalia kama nina nafasi."